Keki, geti, koti: nilivyofundisha irabu ndefu za Kiingereza

Mtoto anayejua kusoma Kiswahili, ukimfungulia kitabu cha Kiingereza kwa mara ya kwanza, atasoma "name" na-me, "bike" bi-ke, na "moon" ataivuta mo-on kama anavyosoma choo au kondoo. Nafundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Morogoro, na wengi wanaotoka chekechea hufika kwangu wakisoma hivyo. Njia iliyozoeleka ni kumkatiza: "Hapana, sema neim!" Mtoto anasema neim, anafunua ukurasa, anakutana na "game", anasoma ga-me. Amekariri neno moja, hajapata ufunguo wa lile linalofuata. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu na wazazi waliokwama hapo, kwa sababu njia iliyonifaa niliikuta ndani ya maneno ambayo watoto hawa wanayasema kila siku.

Kwanza nilikataa kumwita mtoto huyo mzito. Amefuata kanuni aliyofundishwa, na katika Kiswahili kanuni hiyo haimwangushi. Tahajia yetu ni changa. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930 ilichukua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na herufi zikafuata sauti. Irabu ni tano na sauti ni tano. Ukitaka kuvuta, unaandika mara mbili: kaa, mzee, hii, choo, juu. Kiingereza kiliandikwa mapema mno. William Caxton alianza kuchapa vitabu Uingereza 1476, tahajia ikaanza kutulia huku matamshi yenyewe yakiwa safarini, kwani kati ya 1400 na 1700 hivi irabu ndefu za lugha hiyo zilihama karibu zote. Mwingereza wa miaka ya 1300 alitamka "name" kwa silabi mbili, na a yake ilikuwa jirani sana na a yetu. Sauti ikaondoka, maandishi yakabaki. Nilipoyaeleza haya kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja alisimama akasema, "Kumbe mwanangu si mzito, Mwalimu." Si mzito hata kidogo.

Vitabu vingi huanza na A. Mimi nilianza na I, na sababu iko kwenye Kiswahili chenyewe. Lugha yetu imekopa maneno mengi ya Kiingereza, na ilipoyakopa iliandika ilichosikia. Laini, faini, faili, maili, tai: hiyo "ai" iliyomo humo ndiyo sauti ndefu ya I, yaani jina la herufi hiyo kwa Kiingereza, imekamatwa barabara. Watoto wangu wanajua laini ya simu, wanajua dereva wa bodaboda akipigwa faini, na wanaokwenda Dar kwa basi wanaijua Maili Moja pale Kibaha. Sauti si ngeni masikioni mwao. Ugeni uko kwenye maandishi.

Kwa hiyo tulianza na masikio, vitabu vikiwa vimefungwa. Kila mtoto alikuwa na vizibo vya soda mbele yake. Nasema "line" kwa Kiingereza, bila ile i ya mwisho tuliyoiongeza sisi, nao wanasogeza kizibo kimoja kwa kila sauti: l, ai, n. Vitatu. Hatua hii ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Tunawafundisha kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, kwa hiyo hawajawahi kuombwa kuitenga konsonanti ikae peke yake. Wengi walisogeza viwili: lai, ni. Sikuharakisha. Tulikaa na vizibo mpaka wakaweza kuimaliza n puani bila kuifuatishia irabu. Mwalimu akiiruka hatua hii, imla itamrudisha nyuma: mtoto anayesikia lai-ni ataandika "laini" kwenye daftari la Kiingereza, na kwa alichosikia yuko sahihi kabisa.

Ndipo naandika "line" ubaoni. Herufi nne, vizibo vitatu. Nanyamaza. Haupiti muda mtoto atauliza, "Ticha, hii e inafanya nini?" Swali likitoka kwao, somo limeshafika nusu. Nikawajibu kwamba haisemi kitu, kazi yake ni kuiagiza i itaje jina lake. Mtoto mmoja akasema hiyo ni kama trafiki, haendeshi gari lakini magari yanamtii. Tangu hapo darasani kwetu inaitwa e ya trafiki.

Kwa kadi nilitumia karatasi ya manila. Unakata ukanda mrefu, unaandika "pin", kisha mwisho wa ukanda unaukunja kwa nyuma ukiwa na e. Ukikunjwa ni "pin", ukikunjuliwa ni "pine". Vivyo hivyo "kit" na "kite", "bit" na "bite", "hid" na "hide". Mtoto anakunja na kukunjua mwenyewe huku akisoma yote mawili. Kadi moja ya namna hii imenifanyia kazi kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu anaiona e ikiingia na anasikia mdomo wake ukibadilika papo hapo.

Kisha ukaja mchezo ninaoupenda kuliko yote. Yapo maneno ambayo lugha zote mbili zinayaandika sawasawa: pale, pole, lake, mate, wake. Naandika moja ubaoni. Nikiinua kadi ya kijani, darasa linasoma kwa Kiswahili. Nikiinua ya bluu, linasoma kwa Kiingereza. Pale, peil. Lake, leik. Nilipoandika "Same", mtoto mwenye babu kule Kilimanjaro aliruka kwa furaha kuona mji wao, halafu kadi ya bluu ikapanda wote wakasema seim. Faida ya mchezo huu ni kubwa. Mtoto anazoea kujiuliza yuko kwenye lugha gani kabla hajafungua kinywa, na Kiswahili chake hakiguswi. Sijawahi kumwambia mtoto asahau anavyosoma Kiswahili, na sitamwambia.

Tulipofika A, maneno ya kukopa yalijaa ubao: keki, geti, breki, tepu, kesi. Yote hayo katika Kiingereza yanaandikwa kwa a, kisha konsonanti, kisha e ya trafiki. Treni peke yake ilikataa, nayo ndiyo iliyotufikisha kwenye "ai". Tangu SGR ianze kufika Morogoro 2024, neno hilo halihitaji picha.

Lakini hapa palikuwa na kazi ya ziada. Kwa I, Kiswahili kilikamata sauti nzima. Kwa A kilikamata nusu. Tumeandika e moja tu, geti, na ndiyo maana masikioni mwa mtoto "gate" na "get" ni neno moja, "late" na "let" ni moja, "wait" na "wet" vilevile. Nusu iliyobaki niliikuta sokoni, kwenye neno bei. Tukasema bei, bei, bei, tukiuangalia mdomo unavyoanza wazi na kumalizia kwa kutabasamu. Kisha gei, kisha geit. Vizibo vikarudi mezani. Tuliposhika "ei" ya bei, tofauti ya "wet" na "wait" ikaanza kusikika, na tahajia ikawa na cha kushikilia.

Kuhusu "ai" na "ay" kuna kanuni ya mahali, na inaaminika: "ai" hukaa ndani ya neno, "ay" hukaa mwisho, kwa kuwa maneno ya asili ya Kiingereza karibu hayaishii na i. Rain, tail, nail, upande mmoja. Day, play, say, upande wa pili. Siku zote saba za wiki kwa Kiingereza zinaishia na "ay", kwa hiyo tarehe ya ubaoni kila asubuhi ni somo la bure.

Wiki za kwanza sikuchanganya tahajia mbili za sauti moja. "A-e" ilikaa peke yake mpaka ikazoeleka, ndipo "ai" ikaingia. Na kwenye imla nasahihisha kwa tiki mbili, moja ya sauti na moja ya tahajia. Mtoto akiandika "trane" anapata tiki ya sauti. Huyo amesikia sawa na amechagua njia inayowezekana katika Kiingereza. Amebakiza kujua kwamba neno hili limechagua njia nyingine. Aliyeandika "tren" bado ana kazi ya masikio, huyo namrudisha kwenye vizibo. Ukiwapa wote wawili alama ileile nyekundu ya kosa, umepoteza habari ambayo ungeifanyia kazi kesho yake.

E ilikuja na wiki, timu, krimu, jinzi, skrini. Sauti ilikuwa rahisi kwa sababu ni ile ya "hii". Ugumu ulitoka kwa mzee. Kwa Kiswahili "ee" ni e iliyovutwa, kwa hiyo "see" na "tree" zilisomwa kwa sauti ya mzee kwa muda mrefu, na kadi ya bluu ilipanda mara nyingi. Kisha kuna "ship" na "sheep". Watu wazima wengi tunazitamka sawa, nami nililazimika kujizoeza kwanza mbele ya kioo. Ile ya kondoo midomo inavutwa pembeni na sauti inakaa. Ile ya meli ni fupi na mdomo umelegea. Bila hilo mtoto hana sababu ya kuandika herufi mbili.

Kati ya "ee" na "ea" hakuna kanuni ya mahali, na niliwaambia watoto ukweli huo. Tulichofanya ni kuyaweka maneno kwenye familia. Ya chakula mengi yamekwenda upande wa "ea": eat, meat, tea, peas, beans, cream. "Beef" na "cheese" zimekaa upande wa pili, nazo tukazibandika zinapoonekana. "Bread" imo kwenye "ea" lakini sauti yake ni fupi, hivyo ilipata kadi yake.

Kuna wimbo maarufu wa walimu unaodai kwamba irabu mbili zikitembea pamoja, ya kwanza ndiyo inayosema. Siufundishi. Mwaka 1963 mtafiti wa Marekani, Theodore Clymer, alizipima kanuni za namna hii kwenye maneno ya vitabu vya watoto, na hiyo ya irabu mbili ilitimia kwa chini ya nusu ya maneno. Mtoto wa Kiswahili ametoka kwenye lugha ambayo kanuni haimgeuki. Ukimpa kanuni inayovunjika kila baada ya neno, ataacha kuziamini zote, hata ile ya "ay" inayostahili kuaminiwa.

O ilikuwa ngumu masikioni kuliko nyingine. Noti, koti na goli tunazo, lakini Kiswahili kimeandika o moja, na "got" na "goat" zinalingana. Hapa hakuna neno letu kama bei la kutuokoa, hivyo tulitegemea midomo: kwa "goat" inaanza mviringo na kumalizia imebana kabisa. "Oa" ndani ya neno, "ow" mara nyingi mwishoni: boat, road, snow, grow.

Kupima nako kulihitaji kufikiriwa. Uingereza, tangu 2012, watoto wa mwaka wao wa kwanza wa msingi husomeshwa maneno 40, nusu yake ya kubuni, ili ionekane kama mtoto anasoma herufi au amekariri umbo la neno. Wazo ni zuri nami nimelichukua: "zabe", "feep", "noad". Ila kwa watoto wangu lina upande mwingine. Mtoto wa kule akisoma "loaf" anakutana na kitu anachokijua mezani kwao. Wangu akisoma "loaf" kwa ufasaha anaweza kuwa hajui kwamba ni mkate. Kwake neno halisi na la kubuni yanafanana. Kwa hiyo maneno ya kubuni nayatumia kidogo, siku za kupima tu, na muda uliobaki kila neno jipya linakuja na kitu chenyewe, picha au kitendo.

Maneno yanayoikaidi e ya trafiki, yaani have, give, come, some, nayaleta baada ya kanuni kukomaa. Kwa "have" na "give" nina maelezo: Kiingereza hakipendi kumalizia neno kwa v, kwa hiyo e hapo inaisindikiza v na haina amri juu ya irabu. "Come" na "some" hatuzielezi, tunazibandika ukutani na kuzisoma kila siku.

U nimeiweka mwisho. Buti na supu zimetupa sauti, na watoto waliotoka Zanzibar wakatuongezea skuli. "Oo" inaingia kwanza, boot, moon, school, kisha "u-e" kwa tube na June. "Ue" na "ew" zinasubiri darasa la pili, na hata huko naanza na "blue" na "new" peke yake, mpaka ziandikwe kwenye imla bila kunitazama usoni.