Penseli ya Mjomba

Likizo ndefu baada ya kumaliza shule ya msingi niliipitisha kwenye karakana ya mjomba, aliyekuwa seremala. Nilitarajia kushikishwa msumeno. Yeye akanipa penseli, ile bapa ya mafundi, na patasi ya kuichongea.

Nilimuuliza mbona si ya duara. "Iweke pale," akasema, akinionyesha ubao ulioinama. Nikaiweka, ikatulia, haikubingirika. Jibu lilikuwa hilo, na hakuongeza neno.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote tulikuwa na kabati la kumaliza, na mwenyewe amekaa mlangoni anatazama saa. Mjomba alipima, akaegesha skwea, kile kipimo cha pembe mraba, akapiga mstari. Akarudi nyuma, akautazama, kisha akaufuta kwa msasa. Akapima upya na kupiga mwingine. Nao akaufuta.

"Fundi, si ukate tu? Tofauti yenyewe ndogo," mteja akasema.

Mjomba hakuinua kichwa. "Mzee wangu, hapa bado nazungumza na ubao. Nikishakata, mazungumzo yamekwisha."

Kisha akaniita nisogee. Akaniambia, "Mpwa wangu, mstari nao una upana wake." Penseli ikiwa butu, mstari unanenepa, na meno ya msumeno nayo yanakula mbao yanapopita. Kwa hiyo, kabla ya kukata, lazima ujue msumeno utapita upande gani wa mstari. Akachora alama ya mkasi upande wa kipande kitakachotupwa. Ukikosea kidogo kwenye rafu moja huenda usione kitu, lakini kabati lina vipande vingi, na vikosa hivyo hujumlishana mpaka mlango unagoma kufunga.

Alikuwa na penseli mbili, moja ngumu na moja laini. Sababu yake niliielewa miaka mingi baadaye, niliposoma kwamba ndani ya penseli hamna madini ya risasi hata chembe. Kile kiini ni grafiti, ambayo ni kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha ikaokwa. Ni njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipewa hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1795. Udongo ukizidi, kiini huwa kigumu na mstari huwa mwembamba, hafifu. Grafiti ikizidi, mstari hukolea, lakini ncha huisha upesi. Mjomba alitumia laini kwenye mbao ghafi, ambako mstari hafifu haungeonekana, na ngumu kwenye mbao zilizokwisha kupigwa randa.

Watu husifu sana mkono usiosita kukata. Mimi tangu siku ile namheshimu zaidi anayeweza kufuta mstari wake huku mtu anamtazamia saa. Nimeona ndoa, mikopo na kazi zikiamuliwa kwa haraka ya yule aliyekaa mlangoni, na kila mara namkumbuka mjomba na msasa wake. Kufuta hakukumpotezea hata dakika tano. Ubao ulikuwa mzima, na bado angeweza kuufanya chochote.

Mstari wa tatu aliukubali. Akanikabidhi msumeno, na mteja mwenyewe akainuka, akaja kushika ncha ya pili ya ubao usiyumbe.