Asichokificha Mtu, Mungu Hukisitiri

Wapendwa katika Bwana, juma hili tuisome Zaburi ya 32 polepole, kwa sababu ndani yake Daudi anasimulia jambo ambalo wengi wetu tumelijua mwilini kabla ya kufundishwa: namna dhambi iliyofichwa inavyomla mtu, na namna furaha inavyomrudia siku anapoitaja.

Anasema kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa, na jasho lake likakauka hata akawa kama nchi kavu wakati wa kaskazi. Waliotutafsiria Biblia walilichagua neno hilo vyema. Aliyeishi pwani anaijua kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, joto likizidi, maji ya visima yakishuka na majani yakigeuka rangi ya mchanga. Hakuna kinachovunjika kwa kishindo. Mambo hukauka tu, siku baada ya siku. Ndivyo alivyo mwenye kuficha dhambi: huchagua njia ya kupita asije akakutana na aliyemkosea, hupima maneno mbele ya mwenzi wake, na hata tenzi kanisani huziimba akiwa macho kama mlinzi wa zamu. Kazi hiyo ya kulinda haina mapumziko, nayo ndiyo inayochakaza mifupa.

Sasa tuangalie maneno mawili. Mstari wa kwanza unamwita heri yule aliyesitiriwa makosa yake. Katika mstari wa tano Daudi anasema hakuuficha upotovu wake. Katika Kiebrania kitenzi ni kimoja pande zote mbili, chenye maana ya kufunika. Kiswahili kimekigawa, na kwa maoni yangu kimetufaa sana, kwa maana kwetu kuficha na kusitiri si mamoja. Anayeficha anaogopa kujulikana, ilhali anayesitiri amekwisha kuona yote, kisha akavua shuka yake mwenyewe na kumfunika mwenzake asiaibike. Daudi alipoacha kufunika, Mungu alifunika. Ndiyo maana mstari wa saba unathubutu kusema, “Ndiwe sitara yangu,” kwa Mungu yule yule ambaye mkono wake ulikuwa ukimlemea mchana na usiku.

Zaburi hii haitaji ni dhambi gani, ingawa wengi huihusisha na habari ya Daudi kuzini na Bathsheba, kisha kumfanya Uria, mume wake, auawe vitani. Katika 2 Samweli 12 nabii Nathani anamfikia mfalme kwa kisa cha mwana-kondoo wa maskini, na Daudi anapokiri kwamba amemfanyia Bwana dhambi, anajibiwa papo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Hata hivyo mtoto aliyezaliwa na Bathsheba alikufa, na Uria hakurudi. Tusiharakishe kuupita ukweli huo, kwa kuwa furaha ya msamaha si furaha ya mtu aliyeponyoka matokeo ya matendo yake. Ni furaha ya aliyepatana na Mungu huku akiendelea kuyabeba.

Wazee wetu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, walilielewa hilo. Mlokole aliyeungama wizi hakuishia kwenye machozi; alikibeba alichoiba akakirudisha kwa mwenyewe. Kisha ndugu waliimba “Tukutendereza Yesu,” wimbo wa Kiganda wa kumsifu Mwana-Kondoo kwa damu yake inayotakasa, ambao hadi leo huimbwa hata na wasiojua lugha hiyo. Ni kweli kwamba ungamo la hadharani laweza kugeuka maonyesho, au kumwaga siri za mtu mwingine ambaye hakuombwa ruhusa, na hapo inafaa kuwa na busara. Lakini sidhani kwamba hatari yetu leo iko upande huo. Sisi husoma sala ya maungamo kila Jumapili kwa sauti moja, mkono mmoja ukitafuta noti ya sadaka mfukoni, na tunapofika “Amina” hatujataja hata jambo moja kwa jina lake.

Basi juma hili tujaribu kulitaja moja: mbele za Mungu faraghani, kwa mchungaji au padri kama ndiyo desturi ya kanisa lako, na kwa aliyekosewa pale anapohusika.

Zaburi inafungwa kwa mwaliko wa kupiga vigelegele, na wanaoalikwa wanaitwa wanyofu wa moyo. Jina hilo hawapewi watu wasiowahi kukosa. Mstari wa pili umekwisha kutuonyesha ni nani: ni yule ambaye rohoni mwake hamna hila, yaani huyu huyu mkosaji aliyeacha kujificha. Kwetu vigelegele hupigwa bibi arusi anapotoka nje na mtoto anapozaliwa. Daudi anataka vipigwe kwa ajili ya mtu ambaye ametoka kuitaja dhambi yake.