Ziwa langu halikuwa na kosa

Kijiko cha samli kilikuwa tayari juu ya sufuria ya maharage nilipomdaka mama mkono. Tulikuwa uani kwake, Gungu, Kigoma, Septemba 2024, siku ya pili tangu tutue kutoka Ufini na mtoto wa miezi saba. Samli yenyewe ilitoka Kasulu, imewekwa kwenye chupa ya maji iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, na mama aliitunza zaidi ya mwezi akinisubiri nije nirudishe nguvu.

"Mama, usinitilie. Mtoto ataumwa."

"Anayekula samli ni mtoto au wewe?"

Swali hilo nimeulizwa kwa Kiswahili, nimeulizwa kwa Kiha, na nimejiuliza mwenyewe usiku wa manane. Naandika kwa ajili ya dada aliyeko ugenini, ananyonyesha, ameshika nepi yenye damu na hajui aanzie wapi.

Naishi Tampere, mji uliokaa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi. Sisi watu wa Kigoma tukihamia penye ziwa hatujioni tumepotea sana. Binti yangu alizaliwa Februari, theluji ikiwa imefunika hata viti vya bustanini. Mwezi wa kwanza alinyonya vizuri. Wiki ya tano mambo yakageuka: ananyonya dakika mbili, anaachia ziwa, anajikunja kama upinde, analia mpaka sauti inakatika. Mashavu yakawa mekundu, makavu, yanapasuka kama udongo wa kiangazi. Asubuhi moja nikafungua nepi, nikakuta kamasi, na ndani ya kamasi nyuzi nyembamba za damu, kama uzi mwekundu wa cherehani uliokatwa vipande. Nilikaa sakafuni na ile nepi mkononi.

Habari husafiri. Siku mbili baadaye ndugu mmoja wa upande wa mume wangu alinitumia ujumbe wa sauti. Alianza kwa pole nyingi, akazunguka, mwisho akafika: je, tuna hakika hatujambemenda mtoto? Tuliokulia Tanzania tunajua uzito wa neno hilo. Mtoto akidhoofika, husemwa mama au baba ametoka nje wakati wa kunyonyesha, au mama amebeba mimba nyingine mapema, na maziwa yamechafuka. Niliusikiliza ujumbe mara mbili, nikaufuta, ila maneno yalibaki. Usiku ule nilikamua maziwa yangu kwenye kijiko, nikayapeleka kwenye mwanga wa taa, nikayanusa, nikayaonja. Yalikuwa matamu, meupe yenye rangi ya buluu kwa mbali. Nililia kwa sababu sikuona ubaya wowote na bado mwanangu alikuwa anaumwa.

Hapa kuna neuvola, kliniki ya mama na mtoto ambayo kila mzazi huhudhuria bila malipo. Muuguzi alimpima, uzito ulikuwa unapanda, akatupeleka kwa daktari. Daktari alitaja kitu ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani: mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Akanieleza taratibu. Maziwa ya ng'ombe yana makundi mawili makubwa ya protini. Moja ni kaseini, ile inayoganda mtu akitengeneza jibini. Jingine ni protini za wei, zilizomo kwenye majimaji yanayobaki. Kati ya hizo za wei kuna iitwayo beta-laktoglobulini, na mwili wa binadamu hauitengenezi kabisa. Ikionekana kwenye maziwa ya mama, imetoka kwenye kikombe alichokunywa: chembe chache hupenya utumbo, huingia kwenye damu, hufika kwenye titi. Watoto wengi haiwafanyi chochote. Kwa wachache, kinga ya mwili huiona kuwa adui, utumbo unawaka na kutoa damu.

Hakusema niache kunyonyesha. Alisema niendelee, ila niondoe maziwa ya ng'ombe na vyote vitokanavyo nayo kwenye chakula changu, wiki mbili hadi nne, kisha tuone. Nilitoka pale nimejikumbatia kifua. Ziwa langu halikuwa na kosa.

Kosa nililifanya dukani. Ufini ni nchi ya maziwa, watu wazima wanakunywa glasi ya maziwa na chakula cha mchana, na rafu zimejaa pakiti zilizoandikwa *laktoositon*, yaani hazina laktosi. Nikaona nimepona. Nilikunywa hizo siku tisa na nepi hazikubadilika. Laktosi ni sukari, siyo protini. Maziwa yasiyo na laktosi bado yana kaseini na wei zote. Tena maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, takriban gramu 7 kwa mililita 100 dhidi ya kama 5, na mama hawezi kuipunguza kwa kubadili chakula. Neno la kutafuta ni *maidoton*, lisilo na maziwa kabisa. Siku tisa za mwanangu zilipotea kwa tofauti ya neno moja, na ndiyo sababu nalisema mapema hivi.

Nikajifunza kusoma pakiti. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vyakula 14 vinavyoleta mzio vionekane wazi kwenye orodha ya viambato, kwa kawaida kwa herufi nzito, na maziwa ni kimojawapo. Nilikariri maneno kama mtoto wa madrasa: maito (maziwa), voi (siagi), kerma (krimu), piimä (maziwa ya mgando), maitojauhe (maziwa ya unga), hera (wei), kaseiini (kaseini). Nilikuta maziwa ya unga kwenye soseji, kwenye supu ya pakiti, kwenye viazi vya kukaanga vyenye viungo. Wiki ya pili nepi zikawa safi. Wiki ya nne mashavu yakalainika, na binti akaanza kulala saa tatu mfululizo.

Hapo daktari akaniambia ninywe maziwa tena. Nilikasirika. Ila bila kurudisha huwezi kujua kama ni maziwa kweli au ni umri tu umemponya, na mama asiye na uhakika anaweza kujinyima mwaka mzima bure. Siku ya tatu zile nyuzi zikarudi. Tukayaacha maziwa, safari hii kwa uhakika.

Njaa ya majuma yale siisahau. Kunyonyesha kunakula mwili, nami nilikuwa nashindia kahawa ya rangi na *ruisleipä*, mkate wao mweusi, ambao kwa kawaida ni unga wa nafaka iitwayo rai, maji, chumvi na uchachu tu. Mkate ule uliniokoa, lakini mtu haishi kwa mkate. Kilichonifungua macho ni soko la Tampere mwezi Mei. Mama mmoja alikuwa anakaanga *muikku*, samaki wadogo wa ziwani, wazima na vichwa vyao, wamepakwa unga wa rai. Nikasimama palepale. Hawa ni dagaa! Siyo dagaa wetu hasa, ni wakubwa kidogo na wana mafuta zaidi, lakini unatafuna mpaka mfupa. Nikauliza wanakaangwa kwa nini, akasema siagi. Nikanunua wabichi, nikaenda kukaanga mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikakaa nikafikiri chakula nilichokulia. Ugali wa muhogo. Dagaa wa Kibirizi waliokaushwa juani. Migebuka ya mchuzi. Maharage kwa mawese. Kisamvu. Ndizi za kuchemsha. Hakuna hata kimoja kinachohitaji maziwa. Nilipofika Ulaya nilikuwa nimeviacha kama mtu anavyovua nguo za safari, nikahamia kwenye mtindi na jibini kwa sababu ndivyo vilivyokuwa kwenye friji za wenzangu. Jumamosi ile mume wangu alipanda treni kwenda Helsinki, kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika, akarudi na mawese lita mbili na mfuko wa unga wa muhogo.

Kalsiamu usiifanyie mzaha. Mama anayenyonyesha bila maziwa anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, pamoja na vitamini D mikrogramu 10, na kwenye giza la kaskazini jua halitoshi. Mimi nilikula dagaa na mboga za majani, nilimeza vidonge kama nilivyoelekezwa, na nilichagua kinywaji cha oti (oats) kilichoongezwa kalsiamu miligramu 120 kwa mililita 100, sawa na maziwa ya ng'ombe. Cha bei rahisi mara nyingi hakikuongezwa kitu.

Sasa mikate, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wafini wana mkate mtamu uitwao *pulla*, na siri yake ni iliki. Siku ya kwanza nilipopita mbele ya duka la mikate Tampere nilidhani kuna Mtanzania ndani anakaanga maandazi ya alfajiri. Kukosa *pulla* kuliniuma kuliko kukosa jibini, kwa hiyo nikaamua nitaioka bila siagi. Jaribio la kwanza niliweka majarini, mtoto akajikunja usiku mzima. Nilipogeuza kopo nikaona *hera*. La pili nilitia mafuta ya maji mwanzoni pamoja na unga, yakaufunika unga, donge likakataa kuvutika, mkate ukatoka kama tofali. La tatu likakubali, na hadi leo naoka hivi: mililita 250 za kinywaji cha oti cha uvuguvugu, hamira mbichi gramu 25, yai moja, sukari desilita moja, chumvi kijiko cha chai, iliki kijiko cha chakula iliyotwangwa palepale, siyo ya unga wa dukani. Unga wa ngano kama gramu 450, ukiutia kidogokidogo huku unakanda. Mafuta yanakuja mwisho, donge likiwa limeshashikana. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi, mengine ni maji zaidi, kwa hiyo penye siagi gramu 100 tia mafuta gramu 80 na maji kijiko kimoja cha chakula. Kanda mpaka donge liache mikono. Liache liumuke mpaka liwe mara mbili, kisha usilikimbize, lisubiri tena likishakatwa.

Turudi uani Gungu. Mama aliposikia habari za protini alinyamaza, akasema, "Basi unywe ya mbuzi." Nikamweleza kwamba protini za mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, mtoto anayekataa hizi kwa kawaida hukataa na zile. Akafunika chupa ya samli, akairudisha kabatini bila neno. Nilijua nimemuumiza. Kwake samli ile ilikuwa upendo wa miezi.

Kigumu zaidi kilikuwa chai. Kila nyumba tuliyoingia, Mwanga mpaka Ujiji, chai ya maziwa ilikuwa imeshachemshwa, na kukataa chai ya mwenye nyumba ni kumkataa yeye. Mara mbili za kwanza nilijieleza mpaka nikachoka. Ya tatu mama alinitangulia mlangoni: "Huyu mmpe ya rangi, mtoto wake maziwa ya ng'ombe yanamdhuru kupitia ziwa." Alilisema kwa sauti, mbele ya watu, na mmoja wa wale waliokuwa wamekaa ukumbini ni yule ndugu wa ujumbe wa sauti. Hakuna aliyeongeza neno. Nilimpa binti ziwa palepale, akanyonya akalala.

Kesho yake nilikuta jikoni mwiko mpya umening'inizwa kwenye msumari, umefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini. "Huo ni wako na mjukuu wangu," mama akasema. "Usiguse samli." Sikuwa nimemwambia habari ya mwiko uliokoroga samli kuingia kwenye sufuria nyingine. Aliwaza mwenyewe.

Ziwa Tanganyika lilikuwa limefunguliwa Agosti 15 baada ya kufungwa kwa uvuvi miezi mitatu, na dagaa walikuwa tele. Mama aliwakaanga bila maji, akawatwanga kwenye kinu hadi unga, akawa anamtilia binti kijiko kidogo kwenye ugali laini. Na asubuhi tulikanda maandazi: unga, sukari, hamira, iliki, maji ya uvuguvugu, na badala ya siagi vijiko viwili vya mawese mapya. Yalitoka na rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Watoto wa jirani waliyamaliza kabla hayajapoa. Sijaoka kitu Tampere kilichonifurahisha kama hicho.

Februari 2025 binti alitimiza mwaka, na kwa ruhusa ya daktari tulianza kupanda ngazi ya maziwa, yaani kumzoesha mtoto maziwa hatua kwa hatua. Asiye na ruhusa asijaribu, hasa kama mtoto aliwahi kuvimba uso au kupumua kwa shida. Unaanza na maziwa yaliyookwa ndani ya unga, maana moto wa oveni na unga hupunguza makali ya protini: kipande cha biskuti, kisha keki ndogo, kisha chapati za maji, ndipo jibini, mtindi, na mwisho maziwa yenyewe. Biskuti aliipita. Kwenye keki mashavu yalirudi kuwa mekundu, tukashuka ngazi moja, tukasubiri miezi miwili, tukapanda tena.

Jumapili iliyopita mama alipiga simu ya video. Hakuanza na salamu.

"Amefika wapi?"

"Chapati za maji, mama. Nusu chapati, siku ya nne leo. Ngozi safi."

Akaweka simu mezani, nikawa naona dari tu na kusikia kabati likifunguliwa. Akarudi ameshika chupa iliyozibwa kwa gunzi.

"Ile tuliila," akasema. "Hii ni mpya, ya wiki iliyopita."