Hoteli za Kampala zituambie samaki katoka wapi

Sangara akivuliwa hapa Uganda akakatwa fileti akapandishwa ndege Entebbe, akifika Ulaya hauzwi dukani mpaka lebo iseme ni samaki gani, hadi lile jina la kisayansi Lates niloticus, kavuliwa ziwa gani, nchi gani, kwa nyavu au kwa ndoano. Ni sheria yao ya mwaka 2013. Sasa ndugu yake aliyebaki nyumbani ukimkuta kwenye restoranti Kololo kaandikwa tu "fileti ya samaki na chipsi", basi. Kama ni sangara, kama ni ngege (sato), kama katoka Kalangala visiwani au kashuka kwenye kontena la barafu, hiyo ni siri ya jikoni.

Sisemi wote wanatudanganya. Nasema hatuna njia ya kujua, na hilo ndo linaniudhi.

Pale Ggaba, soko la samaki la kando ya ziwa, sheria hata haihitajiki. Unamchagua samaki mwenyewe akiwa mzima, mama anakufunulia matamvua uone kama bado ni mekundu, anampara magamba, anamchanja mbavuni, anamtia kwenye mafuta na wewe umesimama hapo hapo. Ukimuuliza atakwambia huyu wa ziwani, hawa wa keji, yaani wa kufugwa kwenye vizimba, na ukiwaangalia wale wa keji kweli wanene na saizi zao zinafanana kama wameshonwa na fundi mmoja. Lakini fileti haina kichwa, haina ngozi, imevikwa unga wa mkate, hapo hata mvuvi wa miaka mingi atakisia tu.

Kamba, hawa wanaoitwa prawns, ndo usiseme. Uganda hatuna bahari jamani, kwa hiyo kila kamba unayemla Kampala kavuka mpaka, swali ni mpaka upi. Anaweza kuwa wa pwani ya Kenya au Tanzania, anaweza kuwa wa kufugwa kwenye mabwawa ya India au Ecuador, na hao si kitu kimoja, maana kwenye kamba wa kufugwa wakaguzi wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakikamata mizigo yenye dawa za antibiotiki zilizopigwa marufuku. Niliwahi kumuuliza weita mmoja hawa kamba ni wa wapi, akaniambia "wa baharini, ssebo". Nikamwomba aulize jikoni, akarudi anatabasamu, chef anasema ni fresh. Banange.

Wamarekani nao walikuwa na pengo hilo hilo. Sheria yao ya lebo ya nchi inazibana supamaketi tangu 2005 kwa samaki, lakini restoranti ziliachwa nje. Wavuvi wa kamba wa kule kusini wakalalamika weee, maana zaidi ya asilimia 90 ya kamba wanaoliwa nchini mwao wanatoka nje, halafu unaingia hoteli ya ufukweni ukutani kuna picha za mashua na nyavu, sahani yako imetoka Asia. Louisiana wakaanza 2019, restoranti iandike kwenye menyu kama kamba ni wa nje, Alabama wakafuata Oktoba 2024 na wao wakataka hadi kama ni wa kufugwa au wa kuvuliwa. Watu wakienda kupima DNA bado wanakuta wanaodanganya, sawa, ila sasa angalau kuna kosa la kumshtaki mtu.

Na siombi marufuku ya samaki wa nje. Kenya mwaka 2018 walizozana sana juu ya samaki wa China na samaki wenyewe hawakuisha sokoni, maana watu wanataka cha bei nafuu, na wa kwetu wazuri tunawauza nje. Anayetaka wa kontena ale kwa amani, bei iendane tu.

Wenye hoteli watasema ni gharama, menyu zitachapishwa kila wiki. Gharama gani? Boksi walilonunulia limeshaandikwa nchi, chukua chaki andika ubaoni. Swali gumu zaidi ni nani atakagua, na hapo nakiri mkaguzi anaweza kuondoka na bahasha na sahani ya kamba juu. Lakini hebu angalia ziwani: mwaka 2017 jeshi liliingizwa majini, mvuvi akipatikana na ngege chini ya inchi 11 au sangara chini ya inchi 20 alikiona cha moto, nyavu zake na mashua zilichomwa. Yaani maskini wa kwenye mtumbwi alipimiwa samaki kwa rula, halafu anayeuza sahani ya shilingi elfu hamsini haulizwi hata nchi?

Mi ningeanza na hoteli kubwa tu, zile zenye menyu ya kuskani kwa simu. Hizo kubadilisha mstari mmoja ni kazi ya dakika mbili.