Ua la Usambara chini ya mwembe wangu

Kila niliyemwuliza namna ya kulilea ua la Usambara alinijibu vilevile: udongo mweusi, samadi kwa wingi, maji asubuhi na jioni. Muuza miche mmoja hapa Tanga aliniuzia na kiroba cha samadi juu yake, na miche yake ikaoza shinani nikiwa sijakimaliza. Jirani naye akakata shauri kwamba ua la msituni halifugiki. Halifugiki vipi, ilhali limejaa madirishani Ulaya tangu Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa hapahapa Tanga, alipompelekea baba yake mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia?

Nilijifunza zaidi kwa kulitazama linakojiotea. Katika misitu ya Usambara Mashariki, na kwenye majabali ya chokaa karibu na Tanga, hujibana ubavuni mwa mwamba, kivulini, mizizi ikiwa imeshika mboji kiduchu na ule ukijani laini unaotambaa juu ya mawe. Mvua ikinyesha, maji hupita yakaenda zake.

Kwa hiyo niliegemeza mawe ya chokaa ukutani chini ya mwembe, nikajaza mianya kwa majani yaliyooza, mchanga na mkaa uliopondwa. Maua ya msituni hayachumwi, hifadhi ni hifadhi. Shangazi yangu wa Muheza alinipa majani ya kwenye makopo yake. Jani hukatwa mshazari pamoja na kikonyo chake, likachomekwa kwenye mchanga wenye unyevu na kufunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Wiki hupita bila dalili yoyote, ndipo chini ya kikonyo huchomoza vijani vyenye manyoya, vidogo kama masikio ya panya.

Miche niliipanda kiubavu, ili maji yasituame kwenye moyo wa mmea, maana hapo ndipo uozo huanzia. Ufundi ninaojivunia hasa ni wa kumwagilia: nilisokota utambi wa kanga kuukuu, ncha moja nikaitumbukiza kwenye kopo la maji lililo juu ya mawe, nyingine nikaipenyeza nyuma ya jiwe, na maji yakawa yanashuka taratibu bila kugusa jani hata moja. Kanga mpya haifai mpaka itoke dondo, kwani hainywi maji.

Sasa maua ya zambarau yenye kitovu cha njano yanafuatana, nami fedha iliyonitoka ni nauli ya Muheza, soda ya shangazi na mkaa wa elfu chache. Adui aliyebaki ni konokono wa masika. Niliambiwa ninyunyize majivu, lakini mvua huyaosha usiku uleule, hivyo huwaokota kwa mkono, tochi mdomoni, na majirani waseme watakalo.