Dakika 29 za kimya

Machi 15, 2019, mtu mmoja alivamia misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand, huku kamera aliyoivaa kichwani ikirusha shambulio la msikiti wa kwanza mubashara kupitia Facebook. Waliuawa watu 51. Matangazo yalidumu dakika 17, na waliokuwa wakitazama muda ule ule hawakufika 200. Hakuna hata mmoja wao aliyeripoti wakati matangazo yakiendelea. Mtumiaji wa kwanza kuripoti alifanya hivyo dakika 29 tangu video ianze, yaani dakika 12 baada ya matangazo kwisha, na kufikia hapo kiungo cha nakala kilikuwa kimeshabandikwa kwingine.

Kila mjadala wa ugaidi na intaneti unapozuka kwetu, swali huwa lile lile: kwa nini kampuni hazifuti? Zinafuta. Katika saa 24 za kwanza Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 za video ile, na milioni 1.2 kati ya hizo zilizuiwa zikiwa ndiyo kwanza zinapandishwa. Piga hesabu: laki tatu zilipenya.

Zilipenyaje? Video ikishatambuliwa, kompyuta huitengenezea mfuatano wa tarakimu uitwao hashi, tuseme alama yake ya kidole. Kila faili jipya linalopandishwa hulinganishwa na alama hiyo. Mwaka 2017 Facebook, Microsoft, Twitter (sasa X) na YouTube zilianzisha chombo cha pamoja, GIFCT, ambacho kupitia kwake hupeana hashi hizo. Lakini mtu akiirekodi video kutoka kwenye skrini ya televisheni, au kituo cha habari kikiweka nembo yake juu, alama hubadilika. Facebook ilihesabu zaidi ya namna 800 za video ile ile zilizotofautiana kwa macho, ikalazimika kulinganisha sauti pale picha ziliposhindwa kufanana.

Miaka mitatu baadaye, Mei 14, 2022, muuaji wa watu 10 katika duka kubwa mjini Buffalo, Marekani, alirusha tukio lake kupitia Twitch, mtandao wa kurusha video mubashara. Safari hii matangazo yalikatwa chini ya dakika mbili tangu risasi ya kwanza. Kazi nzuri kabisa. Hata hivyo, nakala moja tu iliyowekwa kwenye tovuti nyingine ilitazamwa zaidi ya mara milioni tatu. Umoja wa Ulaya sasa unazitaka kampuni ziondoe maudhui ya kigaidi ndani ya saa moja baada ya kupokea amri. Sheria hiyo ilianza kutumika Juni 2022. Saa moja ni nyingi mno kwa video na ni chache mno kwa kampuni yenye wafanyakazi watano.

Kinachonisumbua zaidi katika kisa cha Buffalo ni kile kilichotangulia. Muuaji aliandika shajara ya mipango yake kwa miezi kwenye chumba cha faragha cha Discord, mtandao wa gumzo, na nusu saa hivi kabla ya shambulio akaalika watu waifungue. Wapatao 15 waliingia. Haikuonekana kwamba yeyote kati yao aliwapigia polisi.

Jambo hili si la Buffalo peke yake. Mtafiti Paul Gill na wenzake walichunguza magaidi 119 waliotenda peke yao au wawili wawili, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Katika asilimia 82 ya visa, kulikuwa na watu waliojua kinyongo cha mhusika. Katika asilimia 64, ndugu au marafiki walijua nia yenyewe, kwa sababu aliwaambia kwa kinywa chake. Ndiyo maana neno "mpweke", wanaloitwa magaidi wa namna hii, silipendi. Anatenda peke yake, sawa, lakini mara nyingi ameshasema.

Kwetu, kisa kinachokumbukwa ni cha Dar es Salaam, Agosti 25, 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa. Askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi waliuawa kabla mshambuliaji naye hajapigwa risasi. Siku chache baadaye Camillus Wambura, wakati huo Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai, alisema uchunguzi umeonyesha mtu huyo alikuwa akijifunza ugaidi mitandaoni. Tukiishia hapo, tumeeleza nusu tu. Video hazimwokoti mtu asiye na kitu moyoni. Huanza kinyongo: kazi iliyopotea, udhalilishaji, msiba. Kisha mfumo wa kupendekeza video huweza kumletea inayofanana na ya jana, ila kali kidogo. Kisha mtu kwenye maoni humpa kiungo cha kundi la Telegram, na humo hupata jambo ambalo nyumbani halipo: mtu wa kumjibu saa nane usiku.

Na lugha yetu inawapa wachujaji shida ya pekee. Chukua mzizi "chinja". "Tulichinja mbuzi wa Idi", "walitaka kutuchinja", "tutawachinja". Nani anamchinja nani hujulikana kwa viambishi, na mashine inayosaka neno zima haivioni. Basi ama itamfungia muuza nyama, ama itamwachia mwenye kutisha. Ongeza Sheng na mawaidha ya sauti yaliyorekodiwa kwa simu, na utaelewa kwa nini watafiti bado hukuta kurasa za kundi la Al-Shabaab za Kiswahili zikipumua hadharani.

Kwa hiyo kazi inamrudia anayemjua mhusika. Ndevu, kanzu fupi na kuswali sana si dalili. Anayezihesabu hizo atawachosha polisi na kuwaudhi wasio na hatia. Yenye uzito ni mengine: kutaja mahali au siku, kuwasifu wauaji waliopita kwa majina, kulipa madeni na kugawa vitu kana kwamba anasafiri, kuaga. Akitaja mahali na muda, hapo hakuna cha kikao cha familia, ni simu polisi. Kabla ya hapo, usimnyang'anye simu. Atanunua laini nyingine, nawe utakuwa umeziba dirisha pekee ulilochungulia. Muulize kinachomuuma, na mvumilie akijibu vibaya.

Ukikutana na video yenyewe, usiisambaze hata kwa kulaani. Nakili kiungo, jina la akaunti, tarehe na saa, kisha ripoti. WhatsApp haisomi mazungumzo yako. Inapata kuyaona pale tu mtu anaporipoti, na ripoti hubeba jumbe tano za mwisho za aliyeripotiwa au za kundi. Ripoti kabla wanakundi hawajamwaga "poleni" kumi na emoji za machozi, maana ujumbe wenyewe utakuwa umeshasukumwa nje ya hizo tano. Ikiwa umechelewa, bonyeza na ushikilie ujumbe husika, uripoti huo huo. Na kile kisanduku kinachojitokeza unaporipoti, cha kutoka kwenye kundi na kufuta mazungumzo, kiondolee tiki, la sivyo polisi wakikuuliza hutakuwa na cha kuwaonyesha.