Nilivyompata baba yake babu pembeni mwa ukurasa

Kumtafuta baba yake babu kwa jina hakukunifikisha popote. Nyumbani alijulikana kwa jina la utani tu. Alibatizwa akiwa mtu mzima akapewa jingine, na lile la kuzaliwa likaandikwa na padri mgeni kama sikio lake lilivyolipokea. Mtu wa majina matatu unaweza kumpita kwenye daftari moja mara kadhaa usimwone.

Nikamwacha kwanza, nikaanza na binti yake, dada wa babu, ambaye shangazi alijua alifunga ndoa parokia gani. Daftari la ndoa halina porojo: maharusi, wazazi wao, mashahidi wawili, padri, na kila mmoja alikobatizwa. Nikalifuata hilo la mwisho. Kwenye daftari la ubatizo nikakuta baba wa binti ni Petrus, mama Magdalena, msimamizi Josephus.

Petrus! Anayejua madaftari ya misioni za zamani atanionea huruma. Fahirisi ilipangwa kwa majina ya ubatizo, tena kwa Kilatini. Yohana humpati, mtafute Joannes, na Yakobo ni Jacobus. Akina Petrus walikuwa wamejaa tele.

Kilichoniokoa ni maandishi ya pembeni. Mwaka 1907 Roma ilitoa amri iitwayo Ne Temere, ikaanza kutumika Pasaka ya 1908. Pamoja na mengine, iliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, habari zipelekwe parokia alikobatizwa na ziandikwe kando ya ubatizo wake. Ndiyo maana pembeni mwa jina unaweza kukuta mwandiko mdogo, wa mkono mwingine na wino mwingine: tarehe ya ndoa, mahali, jina la mwenzi. Wengi wetu husoma katikati ya ukurasa na kufunua. Mimi nikawapitia akina Petrus wote nikisoma pembeni tu, nikimsaka Magdalena. Wakabaki wawili waliooa Magdalena. (Hata akina Magdalena hawakuwa haba.)

Hapo nikamkumbuka msimamizi. Mtu haokoti msimamizi wa mwanawe barabarani. Humchukua ndugu, jirani au rafiki wa siku nyingi. Josephus mmoja alikuwa amebatizwa siku moja na mmoja wa wale Petrus wawili, mistari michache chini yake, kijiji kimoja. Petrus wa pili alitoka mbali kabisa. Wino ulikuwa umefifia, ila picha ya simu, ukiigeuza iwe nyeusi na nyeupe na kuikoleza, hutoa maandishi yaliyoyashinda macho. Jina la kuzaliwa nikalisoma kwa sauti, kama padri alivyolisikia, si kama alivyoliandika. Likatoka jina la mdogo wangu! Alirithishwa na babu, na hakuna aliyewahi kutuambia limetoka kwa nani.

Pembeni mwa Petrus huyo palikuwa na mstari wa pili: ndoa nyingine, na mwanamke mwingine, parokia ya mbali, miaka kadhaa baada ya ile ya Magdalena.

Shangazi akakataa katakata. "Huyo si wetu, mwanangu. Wetu alikufa babu yako akiwa bado ananyonya."

Sipuuzi masimulizi ya wazee. Bila yeye nisingejua hata pa kuanzia. Lakini Kanisa lisingemfungisha Petrus ndoa ya pili mke wa kwanza akiwa hai. Nadhani aliyekufa babu akiwa ananyonya ni Magdalena, na baba akaenda kuanza maisha kwingine. Kwa mtoto aliyeachwa, labda hapakuwa na tofauti kubwa kati ya kufiwa na kuachwa, na simulizi ikayaunganisha.

Nilipomweleza hivyo, shangazi akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Sasa babu yako alilelewa na nani?"

Mimi namshuku Josephus.